Mwaka Waliponinenepesha

Wiki tatu zilizopita tulimzika Shangazi Nsimire, na siku ya kumaliza kilio wanawake wa mtaa wetu wa Nguba waliniomba nisimame niseme neno zuri juu yake. Nilisimama. Nilisema kwamba alinifungulia mlango wake, alinilisha, alinipigania hospitalini kama mtoto aliyetoka tumboni mwake. Watu waliitikia, wengine wakalia. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na bado nilirudi kukaa nikiwa na hasira ambayo sikutaka watoto wangu waione. Ninakaribia miaka sabini, ni mwalimu mstaafu, nina wajukuu. Ungedhani hasira ya mwaka mmoja wa ujana ingekuwa imeshakauka. Haijakauka. Jirani mmoja mzee, aliyekuwa akinitazama tangu asubuhi, alinisogelea, akaniwekea kidole kwenye shavu la kushoto na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Shavu yako inarudia mu shimo, maman. Uko unakula kweli?" Sikuwa nimekula vizuri tangu msiba uanze. Watu wa umri wake wanajua habari ya shavu hili, au wanadhani wanaijua. Kwa hiyo naiandika mimi mwenyewe, kabla hawajaisimulia kwenye kilio changu.

Nilikuwa na shimo shavuni. Nilipokuwa na miaka minane jino lilioza, taya likavimba, na muuguzi wa zahanati akalipasua jipu kutoka nje kwa kisu ambacho sikumbuki kama kilichemshwa. Usaha ulitoka kwa majuma. Kidonda kilipofunga, ngozi ilizama na kushikamana na mfupa, na likabaki bonde ambalo nusu ya yai la kuchemsha ingeweza kukaa bila kuanguka. Najua kwa sababu binamu zangu walijaribu. Waliniita Kashimo, nami niliitika. Nasema hivi kwa sababu watu hupenda kufikiri kwamba msichana mwenye alama usoni hulia kila anapojiona kwenye kioo. Sikulia. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kifaransa, nilikuwa najiandaa kuwa mwalimu, na shimo langu lilikuwa langu kama goti langu. Aliyenifundisha kulionea haya alikuwa mtawa mkuu wa shule yetu ya ualimu. Ulikuwa mwaka wa pili tangu serikali itukataze majina ya ubatizo, mimi Béatrice nikawa Cibalonza tu, na yeye alikuwa bado anajikwaa kila akiniita. Aliniita ofisini kabla hatujapangiwa madarasa ya mazoezi. Juu ya meza yake kulikuwa na sahani ya mapera na kitambaa cheupe. Aliniambia kwa upole, ule upole ambao hadi leo unanichefua, kwamba watoto wa darasa la kwanza wataogopa, au watacheka, na kwamba ingekuwa vyema nirudi nikishatengenezwa. Alisema hivyo, kutengenezwa, na akanipa pera.

Wakati huo nilikuwa nakaa kwa Shangazi, Nguba, katika nyumba ya mabati ambayo nyuma yake shamba la migomba lilishuka hadi ziwani. Shangazi alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti, aliyeuza vitenge sokoni na asiyemwogopa mtu. Nilipomweleza habari ya mtawa alifunga kilemba, na kesho yake asubuhi tukawa kwenye benchi la hospitali. Kulikuwa na daktari mpasuaji, mzungu aliyekuja kwa mkataba wa mwaka mmoja, na ilisemekana anarekebisha midomo iliyopasuka na makovu ya moto. Muuguzi aliyefanya naye kazi aliitwa Papa Zihindula, mtu mtaratibu mwenye kalamu tatu mfukoni, naye ndiye aliyekuwa akitafsiri. Daktari alinigeuza uso kwenye dirisha, akabonyeza shimo, akanipiga picha ya upande bila kuniuliza. Kisha akamweleza Papa Zihindula kwa Kifaransa, juu ya kichwa changu, kama ambavyo watu huongea juu ya meza. Alisema dawa ya bonde kama hili ni mafuta. Unabandua kovu kutoka kwenye mfupa, unatengeneza mfuko chini ya ngozi, na ndani ya mfuko unaweka kipande cha mafuta ya mgonjwa mwenyewe pamoja na ngozi ya ndani inayoyashikilia. Kipande kikikubali, kinaota mishipa na kuishi. Halafu akapandisha blauzi yangu, akashika ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akavuta. "Hapa hakuna kitu cha kuchukua," alisema, "huyu ni kijiti." Nilimjibu kwa Kifaransa kizuri kwamba namsikia. Akawa mwekundu mpaka masikioni. Hakuomba radhi.

Papa Zihindula alipomtafsiria, Shangazi alisimama, akafungua kitenge, akalitoa tumbo lake lote mbele ya wale wanaume wawili. "Docteur, kamata kwangu," alisema. "Hapa iko mingi. Kata hata sasa hivi." Daktari alicheka. Papa Zihindula hakucheka. Alimweleza Shangazi kwamba mafuta ya mtu mmoja hayaishi kwa mwingine, mwili wa mtoto utayakataa na kuyaozesha. Shangazi aliuliza utakataa namna gani, na huyu ni damu ya kaka yake. Alibishana hadi wagonjwa wakachungulia mlangoni. Mwisho alijifunga kitenge na kuuliza swali moja tu: nikiwa na mafuta yangu, atanifanyia? Daktari alionyesha unene kwa kidole, akasema mkataba wake unaisha mwishoni mwa kiangazi. Nimeshaisimulia sehemu hii mara nyingi, na kila mara watu husema, kweli alikupenda. Najua alinipenda. Sijawahi kusema hakunipenda.

Ila Shangazi alijua njia moja tu ya kumnenepesha msichana, ile aliyofanyiwa yeye. Kwetu msichana anayekwenda kuolewa hukalishwa ndani, hashiki jembe wala ndoo, jua halimpati, analishwa na kupakwa siagi mpaka ngozi ing'ae. Alinihamishia chumba cha nyuma, chenye dirisha dogo la upande wa ziwa, akatandika mkeka mpya, akaweka kiti kimoja. Asubuhi maziwa ya mgando, chombo kizima, na alisimama hapo mpaka nimalize. Saa nne ndizi zilizopikwa na karanga. Mchana bugali na sombe la majani ya muhogo lililoogelea katika mawese, au maharagwe yenye vipande vya mafuta ya nguruwe ambavyo viling'aa kama sabuni. Jioni tena bugali, ndagala wa Uvira, parachichi. Kati ya hayo kulikuwa na uji. Nilikatazwa kufua, kuchota maji, kupanda kilima kwenda kwa rafiki zangu, hata kusoma sana, kwa kuwa alisema kusoma kunakausha. Kila Jumapili baada ya misa aliingia, akanishika tumbo kwa vidole viwili kama alivyomwona daktari, akatikisa kichwa. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikaa pale nikisikiliza mvua juu ya mabati na sauti za wenzangu wakirudi shule, nikamchukia kila mtu aliyepita barabarani na miguu yake miwili. Bado nilikula, maana nilitaka kurudi ofisini kwa yule mtawa na kuliweka shavu langu mbele ya sahani yake ya mapera.

Kilichoharibu kila kitu kilikuwa salongo, ile kazi ya lazima ya serikali. Kila Jumamosi, kama mnavyokumbuka ninyi wa umri wangu, wananchi wote tulitoka kufagia na kuchimba mifereji, na chefu wa avenue, mkubwa wa barabara yetu, alipita na daftari kuangalia nani hayupo. Alikuja mlangoni kwa Shangazi akauliza msichana wake ana nini, mbona Jumamosi ya tatu haonekani. Shangazi angeweza kusema ni mgonjwa. Lakini kusema ugonjwa wa mtoto mlangoni, kwake, ilikuwa kuuita. Nilimsikia kutoka chumbani akijibu: "Mutoto iko mu nyumba. Niko namukulisha." Chefu alicheka, akampongeza, akafunga daftari na kwenda. Katika mtaa wetu maneno yale yalikuwa na maana moja tu. Kabla ya Jumamosi iliyofuata Nguba yote ilijua kwamba Kashimo amepata mume, na kilichobaki ilikuwa kujua ni nani.

Mume mwenyewe alipatikana baadaye. Hilo ndilo ambalo hadi leo siwezi kulimeza. Alikuwa mnunuzi wa dhahabu wa Kamituga, mjane, mtu wa makamo. Sitaandika jina lake kwa sababu hakunikosea lolote. Mama yake alisikia sokoni kuwa kuna msichana anayelishwa ambaye hakuna anayemjua mchumba wake, akaja kuuliza. Walikaa sebuleni, upande wa pili wa ukuta wa mbao, wakinywa kasiksi, pombe ya ndizi, na mimi nilikuwa na bakuli la uji mapajani. Nilimsubiri Shangazi aseme ni kwa ajili ya daktari. Mwanzo alisema hivyo, lazima nimtendee haki. Alieleza kwamba nikinenepa daktari atalitengeneza shavu. Kisha mama yule akasema vizuri zaidi basi, atakuja kwetu ametengenezwa. Nikamsikia Shangazi akijimiminia, na aliporudi kuongea sauti ilikuwa ile ya sokoni, ya kumshika mteja asiondoke. Alianza kunisifu. Alisema nina mikono mizuri, nina adabu, nanenepa vizuri.

Nilipomuuliza baada ya wageni kuondoka hakuona hata aibu. Aliniambia kwa utulivu kwamba ualimu haunizuii kuolewa, na kwamba msichana aliyewekwa ndani miezi yote ile kisha akatoka bila mume, watu watauliza ana kasoro gani. Alikuwa amenifungia ndani yeye mwenyewe, na sasa kufungiwa kwangu ndiko kulikokuwa sababu ya kuniozesha. Nikaacha kula. Siku mbili nilimwaga maziwa dirishani, migomba ikanywa. Siku ya tatu nilijishika tumbo, nikaona ujinga wangu. Nikikonda, mnunuzi wa dhahabu angetafuta mwingine, lakini pia daktari angeondoka na vidole vyake viwili na mimi ningebaki Kashimo aliyefukuzwa shule. Nikinenepa, ningepata shavu pamoja na Kamituga. Sijawahi, kabla wala baada ya hapo, kulia juu ya sahani ya maharagwe. Siku ile nililia, kisha nikala. Nilikula kwa hasira, haraka, nikaomba nyingine. Shangazi alidhani nimekubali, akapiga vigelegele jikoni.

Kiangazi kilipoanza daktari alinishika tumbo na kusema sasa tunaweza. Sikuwa na umri wa kujitilia saini, ilibidi mlezi aweke kidole gumba kwenye karatasi. Shangazi alikuwa na wino kidoleni tayari, Papa Zihindula ameshika karatasi, ndipo aliponigeukia. "Sema kwanza," aliniambia. "Sema mbele ya Papa huyu kama utaenda Kamituga." Yule mwanamke aliyelifunua tumbo lake katika chumba kilekile ili akatwe yeye badala yangu! Nilimtazama Papa Zihindula, akatazama kalamu zake. Nikasema nitaenda. Kidole kikashuka kwenye karatasi. Naapa kwamba wakati ule sikuwa na mpango wowote, nilijua tu kwamba nimesema uongo na kwamba sitautubu.

Nilipewa etha, nikaamka na shavu zito na tumbo linalowaka. Walikuwa wamekata kipande chini ya kitovu, upande wa kulia, na kukiingiza shavuni kwa mkato mdogo chini ya taya. Papa Zihindula aliniambia daktari alikishika kipande kama anavyoshika yai, maana mafuta yakibanwa hufa. Aliniambia pia nisishtuke nitakapoona kioo, kwa kuwa mwili hula sehemu ya mafuta, hivyo daktari huweka zaidi ya shimo. Nilipoona kioo niliona kilima. Mahali pa bonde palikuwa na uvimbe kama mtu aliyebana muwa. Na baada ya miezi yote ile ya kulazimishwa kutafuna, sasa nilikatazwa kutafuna, nikanyweshwa mchuzi kwa kijiko.

Siku ya sita mama wa mnunuzi wa dhahabu alikuja kuniangalia. Shangazi alikuwa ameenda kuchukua maji ya moto. Mama yule aliketi pembeni ya kitanda, akaliangalia shavu, akasema litashuka, hana wasiwasi. Alikuwa na uso mzuri. Aliniletea samaki aliyekaushwa ambaye nisingeweza kumla. Kisha, akininyooshea shuka, aliona bandeji ya tumbo. Mkono wake ulisimama. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba mafuta ya shavu hukatwa tumboni. Alijua tu kile ambacho wanawake wote wa wodi ile walijua, kwamba msichana anayepasuliwa chini ya kitovu amepasuliwa kwa jambo moja, la kizazi.

"Balikutosha nini mu tumbo?" aliniuliza, yaani wamenitoa nini.

Jibu lilikuwa fupi. Mafuta, mama, ya kujaza shavu. Ningeweza kulitoa hata kwa taya lililofungwa. Nilimtazama, nikageuza uso ukutani, nikasema: "Sijue. Docteur hakuniambia."

Hakurudi tena. Shangazi alipopata habari alikwenda hadi kwao kueleza, akamchukua Papa Zihindula kama shahidi, akaapa, akamwita mama yule mjinga. Lakini kadiri alivyoapa, ndivyo ilivyoonekana kuna kitu anaficha. Nguba iliamua kwamba Kashimo hana kizazi. Shangazi alirudi, akasimama mlangoni mwa chumba changu cha nyuma, akaniuliza kama nilisema lile neno. Nikasema nililisema. Hakunipiga. Aliukunja mkeka, akautoa nje, akarudisha magunia yake ya vitenge chumbani, na kwa karibu miaka minne hakuniita kwa jina lolote, si Cibalonza, si Béatrice, si Kashimo. Tuliishi nyumba moja, akanipikia kila siku, akaweka sahani mezani na kuondoka.

Shavu lilishuka polepole, kama Papa Zihindula alivyosema, likabaki sawa na lile la kulia, karibu sawa. Nilirudi shule. Mtawa aliniambia nimependeza. Nilikuwa nimeandaa maneno ya mwaka mzima, nikajibu asante, na kwa hilo pia sijajisamehe. Nilifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na nne. Watoto hawakunitazama shavu hata siku moja, walitazama fimbo. Kuhusu kizazi, neno langu lilinifuata kama nilivyostahili. Wanaume waliulizia, wakaelezwa, wakapotea. Aliyenioa hatimaye alitoka Sange, ambako habari hizo hazikufika sana, na nilikuwa nimepita miaka thelathini. Nikiwa na mimba ya kwanza nilinenepa, na shavu la kushoto likanenepa kuliko la kulia, kwa sababu mafuta yale ni ya tumbo na yanaendelea kufanya kama tumbo. Shangazi alikuja nilipojifungua. Alimshika mtoto, akaniangalia shavu lililotuna, akacheka mpaka akakaa chini. Miaka ya vita, tulipokula mara moja kwa siku, lilizama. Ninalitumia kama mizani.

Basi, jambo la mwisho, ambalo sikulisema kwenye kilio. Tuliomwosha Shangazi tulikuwa wanawake watatu, mimi nikiwa mkubwa wao. Ugonjwa ulikuwa umemaliza kila kitu. Mikono yake, iliyobeba marobota ya vitenge, ilikuwa myepesi hata niliogopa kuivuta. Nilipofika tumboni, wenzangu wakiwa wamegeuka kukamua vitambaa, nilishika ngozi kwa vidole viwili na kuvuta. Ilikuja ngozi tupu. Hapakuwa na kitu cha kuchukua. Nilikaa hivyo nimeishika, nikitafuta msamaha ndani yangu maana nilidhani hapo ndipo ungekuja, na nilichokikuta ni hasira ileile, nzima, na chini yake sauti yake ikisema kamata kwangu, kata hata sasa hivi.

Kwa hiyo yule jirani aliponiuliza kama nakula kweli nilikwenda jikoni alikopikia Shangazi miaka yote ile, nikaomba sahani. Kulikuwa na maharagwe. Niliuliza kama kuna mafuta ya nguruwe, msichana akasema yapo, watu wengi siku hizi wanayasukuma pembeni. Nikamwambia aniwekee yote. Nilikula nimesimama, kwa hasira, haraka, nikaomba nyingine.